Pengo la udadisi: kwa nini unabofya na huku unajua unapigwa

Juzi niko kwenye daladala, foleni ya Ubungo haisogei, naperuzi simu nakutana na kichwa cha habari kwa herufi kubwa MAMA AFUNGUKA ALICHOKIKUTA CHUMBANI KWA MWANAE SAA NANE USIKU, halafu nukta tatu, chini picha ya mlango uliofunguliwa nusu. Nikajua kabisa huu ni upuuzi, nimeshapigwa hivi mara kibao, bando lenyewe limebaki MB 60, na bado kidole kikaenda. Ukurasa wa kwanza mama anasifiwa alivyo mcha Mungu. Bofya "endelea". Tangazo la dawa ya kitambi. Ukurasa wa pili historia ya mtoto toka chekechea. Endelea. Nimefika wa saba ndo napewa jibu: paka. Paka kazaa kwenye boksi la viatu. (Nakutajia mapema usije ukanisoma hadi chini kwa ajili ya paka.)

Sasa kile kilichosukuma kidole changu ndo wataalam wanakiita pengo la udadisi. Aliyeieleza vizuri ni George Loewenstein wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, mwaka 1994. Alisema udadisi unaamka pale unapogundua kuna nafasi kati ya unachokijua na unachotaka kukijua, na hiyo nafasi inakera, ni kama kipande cha nyama kimekwama kwenye jino, ulimi hautulii mpaka kitoke. Kwa hiyo mtu habofyi kwa sababu anategemea raha, mara nyingi anabofya ili kero iishe, ndo maana hata ukishajua ni paka hujisikii umefaidi chochote, unajisikia tu umetua mzigo.

Ila kuna sehemu watu wengi wa tovuti wanairuka, na kwangu ndo kiini chenyewe. Ili pengo liwepo lazima mtu awe anajua kitu tayari. Loewenstein alitoa mfano wa miji mikuu ya majimbo 50 ya Marekani, mi naileta nyumbani: kama unajua makao makuu ya mikoa mitatu tu kati ya 31 ya Tanzania, wala hutakosa usingizi, lakini kama unajua ya mikoa 29 basi hiyo miwili iliyobaki utalala nayo kichwani. Kuna jaribio lake na wenzake pia, watu waliwekwa mbele ya kompyuta, skrini imejaa viboksi vimefunikwa, ukibofya kimoja kinafunguka. Kundi moja kila kiboksi kina mnyama wake mzima. Kundi la pili viboksi vyote ni vipande vya mnyama mmoja mkubwa, hapa unaona sikio, pale kwato. Hawa wa pili ndo walibofya sana, maana kila kipande kinakwambia umekaribia ila bado.

Ndo maana yale matangazo ya "KITU KIKUBWA KINAKUJA, KAA MKAO WA KULA" yanambeba msanii mwenye jina lakini yanamwangusha mwenye duka jipya. Msanii tunamjua, tunajua kaachana na nani, tunajua albamu imechelewa, akiweka picha nyeusi na tarehe tu mji mzima unajaza wenyewe, hiyo ni kiki tosha. Wewe umefungua duka la vipodozi juzi, hakuna anayejua unauza nini, ukituwekea kisanduku kimefunikwa kitambaa tunapita kama hatujaona, kwani tumekosa nini?

Wala hili si jambo la kuletewa na intaneti. Sisi tumelelewa nalo. Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Angalia kilivyo kijanja, unakijua "nyumba", unakijua "mlango", kilichobaki ni kapengo kadogo tu. Na kuna kitu cha pili kwenye kitendawili ambacho naona ndo kimepotea mtandaoni: ukishindwa unaambiwa nipe mji, unampa mji, anakwenda huko kwenye mji wako anakula anakunywa anajisifu weee, lakini akimaliza LAZIMA akupe jibu, na jibu likae sawasawa na fumbo (yai, kweli halina mlango, unacheka mwenyewe). Mtegaji akichukua mji halafu jibu likawa la ovyo, au asitoe kabisa, watoto wanamkataa, hategi tena siku hiyo. Bofyo lako ni mji. Bando lako ni mji. Zile dakika tano kwenye daladala ni mji.

Mwandishi anayechukua mji na kukimbia ndo huyo wanayesema anatumia klikibeiti, mi huwa naita chambo. Na tofauti ya chambo na udadisi halali haionekani kwenye kichwa cha habari, inaonekana ukishaingia ndani. Hata Facebook walikuja kulishika hili. Mwaka 2012 ilianzishwa tovuti Marekani inaitwa Upworthy, wale walikuwa wanaandika vichwa 25 kwa habari moja kisha wanavipima kwa watu waone kipi kinavuta, na kilivuta kweli, Novemba 2013 waliingiza watu zaidi ya milioni 80 kwa mwezi mmoja. Dunia nzima ikaiga ule mtindo wa "hutaamini kilichofuata", na walioiga wengi ndani walikuwa hawana kitu. Agosti 2014 Facebook wakatangaza wanazishusha posti za chambo, na moja ya vitu walivyosema wanaangalia ni rahisi tu: mtu akibofya anakaa huko muda gani. Akirudi chap kwa haraka, huyo kapigwa.

Nina shemeji yangu fundi friji, ana kaukurasa kake mtandaoni, mwanzo alikuwa anaandika vitu kama "SIRI AMBAYO MAFUNDI HAWATAKI UIJUE". Watu wanaingia, wanatoka, simu haiiti. Nikamuuliza shem, wateja wako huwa wanakupigia wanasemaje? Akasema wengi ni wale wale: fundi, friji yangu juu inagandisha vizuri ila chini haipoi. Nikamwambia basi andika hivyo hivyo, "Kwa nini friji inagandisha juu ila chini haipoi?" Mwenye tatizo hilo anajua nusu nzima, amegusa maziwa yamechacha, amegusa barafu ipo, anakosa kipande kimoja tu cha mnyama. Asiye na tatizo hilo atapita, na apite, hakuwa mteja.

Tulichobishana ni jibu liwekwe wapi. Mi nilitaka liwe chini, mtu ashuke kwanza, aone picha za kazi zake, aone namba ya simu. Yeye kaliweka mstari wa kwanza kabisa, kwamba kwenye zile friji za feni mara nyingi hita ya kuyeyusha barafu imekufa, barafu inajaa nyuma inaziba njia ya hewa ya baridi kwenda chini. Nikamwambia shem umemaliza utamu wote. Akaniangalia. "Mtu samaki wake wanayeyuka hapo, we unataka nimtegee kitendawili?"