Kopo la samaki: kwa wiki ule mangapi?

Wiki iliyopita alinijia kijana anayefanya kazi machimboni upande wa Geita, kaletwa na mama yake. Mwenye kesi alikuwa mama.

"Dokta, huyu mdogo wako kila siku ni kopo la tuna. Mtoto kazaliwa Igombe, kakua na sato na dagaa, leo anakula samaki wa dukani! Mwambie hizo dawa za makopo zitamuua."

(Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari. Lakini hapa Mwanza ukishakaa nyuma ya meza yenye mizani, tayari wewe ni dokta. Nimeacha kubisha.)

Kijana naye alikuwa na hoja. Kambini hakuna friji, zamu inaisha usiku mamantilie wameshafunga, na kopo haliozi. Alichotaka kujua ni jambo moja tu: ale mara ngapi kwa wiki?

Nilianza na mama, maana hofu yake naisikia mara kwa mara. Watu wanaamini samaki wa kopo anakaa miaka kwa sababu kawekewa dawa, na wapo wanaoapa kuwa ni ile ya kuhifadhia maiti. Kinachomhifadhi ni moto. Samaki anatiwa kwenye kopo pamoja na chumvi na mafuta, maji au mchuzi wa nyanya, kopo linazibwa lisipitishe hewa, kisha linapikwa hivyo hivyo likiwa limezibwa, ndani ya mtungi wa mvuke wenye presha, kwenye joto la nyuzi 121 hivi. Kuchemsha kwa kawaida hakutoshi. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na hapa kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hata hizo 100 hayazifikii. Bakteria wa botulizimu ana mbegu zinazostahimili kuchemshwa, na akipata mahali pasipo hewa anatengeneza sumu inayopooza misuli, hata ile ya kupumulia. Nyuzi 121 ni kwa ajili yake. Joto hilo hilo ndilo linalolainisha mifupa ya sadini mpaka unaitafuna bila kujua, ukapata na kalisiamu yake, kama unavyoipata kwa dagaa unayemla mzima.

Basi kopo lililovimba usilionje hata kwa ncha ya ulimi, na usilinunue eti kwa sababu muuzaji kakupunguzia bei. Lenye kutu iliyokula bati au lililobonyea kwenye mshono, liache dukani.

Nikamgeukia kijana. "Hiyo tuna yako ni samaki gani?"

"Tuna si ni tuna, kaka?"

Hapo ndipo jibu la swali lake lilipo. Tuna, yaani jodari, ni ukoo mzima wa samaki. Kuna skipjaki, mdogo kuliko wengi wa ukoo wake, na huyo ndiye anayejaa kwenye makopo mengi ya bei ya kawaida. Kuna albakora, mwenye nyama nyeupe, anayeishi zaidi na kukusanya zaidi. Anachokusanya ni zebaki.

Zebaki kijana anaijua kuliko mimi. Kwenye machimbo madogo wanaishika kila siku kukamatia dhahabu, kisha wanaichoma ipae. Mvuke ule unaharibu mishipa ya fahamu na figo, na kusema kweli, kama kijana anachoma karibu na pua yake, mvuke ndio wa kumkosesha mama usingizi kabla ya kopo lolote. Zebaki ya kwenye samaki ni ya namna nyingine. Inaanguka majini, bakteria wa kwenye tope wanaigeuza kuwa methilizebaki, vijidudu vinaipata, samaki mdogo anakula vijidudu, mkubwa anamla mdogo, na kila hatua kiasi kinapanda. Haikai kwenye mafuta useme utaikamua, wala kwenye ngozi useme utaimenya. Imo kwenye nyama yenyewe, na kupika hakuiondoi. Mwilini mwako inachukua takribani siku 50 kupungua nusu, ndiyo maana tunahesabu kwa wiki na hatuhesabu kwa mlo mmoja.

Tukachukua karatasi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka mwaka 2012 kikomo cha mikrogramu 1.3 (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu) za methilizebaki kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Kijana ana kilo 60, kwa hiyo kikomo chake ni 78. Vipimo vya Marekani vinaipa tuna ya kopo ya kawaida wastani wa mikrogramu 0.126 kwa gramu, na albakora 0.35. Kopo lenye gramu 120 za nyama baada ya kumwaga maji lina 15 hivi likiwa la kawaida, na 42 likiwa la albakora. Yaani matano kwa wiki, au albakora ambazo hazitimii mbili. Yeye alikuwa anakula saba.

Sadini je? Wastani ni 0.013. Kopo kama hilo halifiki hata mikrogramu 2. Kwa zebaki peke yake angeweza kula kila siku mwaka mzima, ila chumvi ingemwahi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, na samaki wa kopo anaweza kuwa na gramu nzima katika kila gramu 100, kabla hujaongeza ya kwako kwenye kachumbari. Mwenye presha amwage yale maji ya chumvi na asome lebo. Mwenye jongo (gauti), sadini na dagaa wote wataamsha maumivu ya vidole vya miguu.

Mama akaniuliza kuhusu binti yake mjamzito, kama aache samaki kabisa. Hapana! Ubongo wa mtoto tumboni unahitaji yale mafuta ya omega-3, na kumnyima mjamzito samaki kwa kuogopa zebaki ni hasara kubwa. Waingereza wanawaambia wajawazito wasizidishe makopo manne ya tuna kwa wiki, na waache kabisa papa na samaki-upanga, yule mwenye pua ndefu kama upanga. Mimi namwambia ale sadini na dagaa, tuna ibaki ya siku mojamoja. Mtoto wa kilo 15 hesabu yake inaishia kwenye kopo moja la tuna kwa wiki.

Na ukishalifungua, kopo limekufa. Samaki akilala wazi kwenye joto la kambini anatengeneza histamini, inayokuwasha na kukufanya uso uwe mwekundu kama umepigwa, na kupasha moto hakuiondoi. Kama huna friji, nunua kopo dogo ulimalize.

Tukapatana: tuna mara tatu kwa wiki, siku nyingine sadini, maharage au mayai, na dagaa wakavu wa soko la Mwaloni kwenye mfuko wake akirudi kambini, maana nao hawahitaji friji.

Walipokuwa mlangoni mama akageuka. "Na sangara wetu wa ziwani, Dokta? Huyo si hana neno?"

Nikamuuliza, "Sangara mwenyewe ana kilo ngapi, mama?"