Kumkalisha mzee hakumwepushi kuanguka
"Bibi, kaa hapo, usije ukaanguka." Tunasema kwa mapenzi, lakini kukaa ndiko kunakomdhoofisha: misuli ya mapaja hupungua, na mwili husahau kujirudisha unapoyumba. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyojumuisha majaribio 108 na zaidi ya watu 23,000 wenye miaka 60 na kuendelea, yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa takriban asilimia 23. Yanayosaidia hasa ni yale ya usawa wa mwili. Asimame nyuma ya kiti kizito, ashike egemeo, ainue mguu mmoja sekunde chache, kisha abadilishe. Baadaye ashike kwa vidole tu. Mtu awe karibu naye, na akiwa na kizunguzungu amwone daktari kwanza.