Pomboo Akinyamaza, Mpishe

Kila kaskazi, wageni wanapojaa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, malalamiko huja yaleyale: boti zimewabana pomboo katikati na watu wanawarukia kichwani. Utetezi nao ni uleule: "Walikuwa wanaimba, wamefurahi kutuona." Jamani, hapana.

Pomboo ana miluzi ya kuwasiliana, na mialiko mifupi ya haraka, kama ya vidole, anayoitumia kutafuta samaki na njia. Mialiko mingi iko juu ya kilohezi 20, mwisho wa sikio la binadamu. Aliyekaa ndani ya boti hawezi kutuambia pomboo "hawakulia".

Katika Ghuba ya Menai, ilipo Kizimkazi, hifadhi tangu 1997, wapo pomboo wa chupa na pomboo wa nundu, na hawa wa nundu wako hatarini kutoweka. Pomboo wa chupa kila mmoja ana mluzi wake, ambao kwa wenzake ndilo jina lake. Mama akipotezana na mtoto huupiga tena na tena. Utafiti wa Sarasota, Florida, uliotolewa 2023, ulionyesha kuwa mama akiwa na mtoto wake huupandisha mluzi huo juu zaidi. Basi sauti za kundi lenye watoto wachanga si zile za kundi la wakubwa watupu, na injini ikipita katikati ndiyo inayomzuia mtoto kumsikia mama. Majini sauti hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde. Kelele yako inawafikia kabla hujawaona.

Si kila jamii hupiga mluzi. Pomboo wa Heaviside wa Namibia na Afrika Kusini hawapigi kabisa. Mialiko yao mingi iko juu mno, na inadhaniwa ni njia ya kujificha wasisikiwe na nyangumi muuaji. Na zile nyimbo ndefu za Julai hadi Oktoba, wakati wa kusi, ni za nyangumi. Tumeshalisema hili mara nyingi.

Saa nayo ina maana. Pomboo wanaoruka wakijizungusha hewani huwinda usiku kwenye kina, mchana wakapumzika karibu na pwani, kimya au karibu kimya. Kimya hicho ndio usingizi wao. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 2021 kuwasogelea Hawaii chini ya yadi 50, yaani kama mita 46, awe mwogeleaji au chombo.

Nahodha, ukiwaona, punguza mwendo mapema. Wafuate ubavuni, usiwakate mbele wala usiwapitie katikati. Wakikusogelea wenyewe, weka gia frii. Wakizama muda mrefu au wakigeuza njia kila unapowafikia, ondoka. Kugonga ubavu wa boti ili "kuwaita" kuachwe kabisa.

Wavuvi wa jarife, pomboo akinasa, toeni taarifa. Vifaa vya kupiga sauti kwenye nyavu vilijaribiwa Zanzibar na kupunguza unasaji.

Mwenye malalamiko aandike namba ya boti, tarehe, saa, mahali, idadi ya boti zilizokuwepo na kilichofanyika, kisha apeleke kwa wasimamizi wa hifadhi. Ushahidi ukitosha, hatua huchukuliwa kwa mujibu wa sheria, na leseni inaweza kuguswa. Video ya mapovu na vigelegele, isiyoonyesha namba ya chombo, haitusaidii.