Usonji na picha za ubongo: maswali ya wazazi wa Bukavu

Mama mmoja wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ana watoto wawili wenye usonji, au otisme kama wengi wetu tunavyosema: hali ya ubongo inayogusa jinsi mtu anavyowasiliana na kukaa na wenzake, na kumfanya arudierudie mambo. Mkubwa anaongea tangu asubuhi mpaka usiku. Mdogo ana miaka sita na hajatamka neno. Jamaa wamemshauri auze kiwanja, avuke mpaka, akawapige picha ya ubongo. Maswali yake ndiyo haya, pamoja na mengine ambayo wazazi huuliza kila mara.

Watoto wangu wana usonji wote wawili. Mbona hawafanani?

Kwa sababu jina hilo moja limebeba hali nyingi. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliunganisha majina kadhaa, likiwemo la Asperger (walilopewa wenye usonji wasiochelewa kuongea), yakawa usonji tu. Jina likawa moja, watoto wakabaki vilevile, kila mmoja na lake. Hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana sana, jinsi unavyoona kwako.

IRM inaona nini ndani ya kichwa?

IRM (kwa Kiingereza MRI) ndiyo mashine ya kupiga hiyo picha ya ubongo. Ni ya sumaku kubwa, haitumii mionzi kama redio (eksirei) ya kifua au skana. Inaweza kupiga picha ya umbo la ubongo. Inaweza pia kufuatilia damu: sehemu ya ubongo inapofanya kazi, damu yenye oksijeni huongezeka hapo. Sehemu mbili zikipanda na kushuka pamoja, watafiti husema zinawasiliana. Fikiria barabara ya kutoka Nyawera kwenda soko la Kadutu. Ukihesabu magari utajua watu wa pande hizo mbili wanatembeleana kiasi gani, ingawa hujasikia hata neno moja wanaloambiana.

Na wamekuta nini?

Utafiti mmoja unanivutia kuliko mingine. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha udaktari cha Weill Cornell, New York, walichambua picha za watu 299 wenye usonji na 907 wasio nao, wakapata makundi manne ya wenye usonji. Mawili yalikuwa na watu hodari wa maneno, ila kundi moja lilisumbuka zaidi kukaa na watu, na lingine kurudiarudia mambo yaleyale. Makundi mawili ya mwisho yalisumbuka kote kuwili. Lakini moja lilikuwa na uwezo mzuri wa lugha na lingine mdogo sana. Sasa tazama: ukiwaangalia watu wa makundi hayo mawili jinsi wanavyojitenga na kurudiarudia, ungesema ni hali moja. Ndani ya ubongo, barabara zao si zilezile.

Hayo ni ya makundi. Hakuna daktari anayeweza kushika picha ya mwanao na kusema, “Huyu ni wa kundi la tatu.”

Basi kiwanja nisiuze?

Usiuze. Usonji hautambuliwi kwa picha. Unatambuliwa kwa kumtazama mtoto akicheza na kumuuliza mzazi maswali mengi. Picha za watoto wengi wenye usonji, daktari akizisoma, zinaonekana za kawaida tu. Daktari ataomba IRM akiona jambo lingine: mtoto ana kifafa, upande mmoja wa mwili ni dhaifu, kichwa kinakua kupita kiasi, au alikuwa anatembea na kuongea kisha akapoteza. Kwa mwanao mdogo asiyesema, kipimo cha kwanza ni cha masikio.

Watoto kama mwanangu mdogo wamo katika tafiti hizo?

Ni wachache mno. Mashine hiyo inapiga kelele kama nyundo za mabati, na mtu lazima alale bila kutikisika kwa dakika nyingi. Mwaka 2012 ilionyeshwa wazi kwamba kichwa kikisogea hata kidogo, picha huonyesha mawasiliano ya uongo. Kwa hiyo anayeshindwa kutulia huachwa, na mara nyingi ndiye huyohuyo asiyesema na anayehitaji msaada mkubwa. Tena picha nyingi zimepigwa Marekani na Ulaya, na nyingi ni za wavulana. Mimi hiyo naiona kasoro kubwa kuliko zote.

Je, usonji unaletwa na chanjo? Au uchawi?

Hapana, vyote viwili. Makala ya 1998 iliyoitupia lawama chanjo ya surua iliondolewa mwaka 2010 na jarida lenyewe la udaktari lililoichapisha.

Nianzie wapi hapa Bukavu?

Kituo cha SOSAME kinashughulikia afya ya akili. Uliza huko, au kwa daktari wa watoto. Kabla ya kwenda, mpige mdogo video fupifupi kwa simu: anapokula, anapocheza peke yake, unapomwita jina akiwa amekupa mgongo, anapokasirika. Ofisini mtoto hubadilika, wengine hulala kabisa. Andika pia alianza kukaa na kutembea akiwa na miezi mingapi. Bibi yake akikumbuka vizuri kuliko wewe, mpeleke naye.