Guruneti la Mazoezi: Yanayosemwa Mitaani na Yanayofundishwa Uwanjani

Wengi wetu tumelijua guruneti, bomu dogo la kutupa kwa mkono, kupitia sinema. Kuruta naye huingia kwenye mafunzo ya awali ya kijeshi akiwa na picha hizohizo kichwani, na mkufunzi hulazimika kuzifuta kwanza kabla ya kumfundisha lolote.

"Ukishang'oa pini, sekunde zimeanza kuhesabika."

Hapana. Pini inaizuia leva, kibao cha chuma kilichoinama ubavuni, na leva inaizuia nyundo ndogo iliyo ndani ya fyuzi, kifaa kinachowasha mlipuko baada ya kuchelewa kidogo. Leva ikibanwa barabara kiganjani, guruneti limetulia hata kama pini imeshatoka. Sekunde huanza kuhesabika leva inaporuka. Kwa guruneti la Marekani aina ya M67, kuanzia hapo kuna sekunde 4 hadi 5 tu kabla ya mlipuko.

Kinachowanyima wakufunzi usingizi ni mshiko. Kuruta ameshang'oa pini, kiganja kinatoka jasho, anasubiri amri ya kutupa. Kwa woga analegeza vidole kidogo, anakaza, analegeza tena, kama anayekamua ng'ombe. Leva ikisogea vya kutosha, nyundo inaweza kupiga wakati guruneti bado limo mkononi mwake, naye hana habari. Ndiyo maana ni mwiko kurekebisha mshiko baada ya pini kutoka: unashika vizuri kwanza, ndipo unang'oa. Hata anayetumia mkono wa kushoto ana utaratibu wake. Jeshi la Marekani humfundisha kulishika guruneti kichwa chini, ili pete ya pini iwe upande ambao mkono wa kulia unaweza kuivuta bila kuhangaika.

"Askari hodari hung'oa pini kwa meno."

Atang'oa meno. Ncha za pini hukunjwa makusudi ili isitoke kirahisi, na M67 lina klipu ya ziada ya usalama inayotolewa kabla ya pini. Pini yenyewe inatolewa kwa kuzungusha na kuvuta kwa kidole.

"La mazoezi ni bandia, halina madhara."

Hapa ndipo watu wanapochanganya vitu viwili. Kuna guruneti bandia kabisa, pande la mpira au chuma lisilo na kitu ndani, la kumzoesha kuruta umbo na uzito. Halafu kuna guruneti la mazoezi hasa, na hilo lina fyuzi inayofanya kazi. M69, ambalo ndilo pacha wa M67 kwenye mafunzo, lina bodi (ganda la nje) ya chuma ya rangi ya buluu yenye tundu kwenye kitako. Lina pini, leva na ucheleweshaji kama la kweli. Muda ukifika, linatoa mlio mkali na moshi unatokea tunduni. Bodi inaokotwa, inawekwa fyuzi mpya, inatupwa tena.

Faida yake ni kwamba kuruta anaizoea hofu bila kuhatarisha uhai. Lakini fyuzi ile ina kilipuzi chake kidogo. Ikilipukia kiganjani inaunguza na kujeruhi, na bodi ya chuma ikimpata mtu kichwani ni chuma kimempata kichwani. Kwa hiyo kofia ngumu huvaliwa hata siku ya mazoezi, na anayelichezea la buluu huadhibiwa. Naona ni haki kabisa: anayecheza na la buluu leo, kesho atapewa la kijani, la kweli.

"Makuruta hufundishwa kutengeneza mabomu ya kienyeji."

Dhana hii imetokana na historia iliyoeleweka nusunusu. Vita Kuu ya Kwanza ilipogeuka kuwa vita vya mahandaki, Waingereza walikuwa na maguruneti machache, tena yenye mpini mrefu ulioweza kugonga ukuta wa nyuma wa handaki mtupaji alipouvuta mkono nyuma. Wanajeshi wakajitengenezea mabomu kwa makopo matupu, na huko Gallipoli, Uturuki, mwaka 1915 mabomu ya makopo yalitumika sana. Hayakupendwa na waliokuwa wakiyatumia. Utambi mmoja uliwaka haraka, mwingine taratibu, mwingine ukazimika, na aliyeumia mara nyingi alikuwa mwenye nalo. Bomu la Mills, guruneti la Waingereza la kiwandani, lilipoingia mwaka huohuo, yale ya makopo yakaanza kuachwa. Hakuna jeshi makini linalotaka kuruta wake arudi huko. Anachofundishwa kuhusu kilipuzi cha kienyeji ni kukitambua, kutokigusa, kuweka umbali, kutoa taarifa na kuwaachia wataalamu wa kutegua mabomu.

"Kutupa guruneti kila mtu anaweza."

Februari 2018 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilitangaza kwamba kufuzu kutupa guruneti hakutakuwa tena sharti la kuhitimu mafunzo ya awali, ingawa somo lenyewe lingeendelea. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba makuruta wengi walikuwa hawawezi kulifikisha umbali unaotakiwa. M67 lina uzito wa takriban gramu 400, na mikono ambayo haijazoea kurusha kitu chochote tangu utotoni haijifunzi kwa siku mbili.

Umbali huo una maana yake. Sinema huonyesha mpira wa moto, kumbe guruneti la vipande hutoa kishindo, vumbi na moshi mchafu. Kinachoua ni vyuma vinavyoruka. Kwa M67, mita 5 ni eneo la kifo, mita 15 ni eneo la majeraha, na vipande vingine vinaweza kufika mita 230. Kwa hiyo mtupaji hasimami kutazama alivyolenga. Anatupa, anajificha nyuma ya ukuta. Likimponyoka, mkufunzi aliye naye bega kwa bega hambembelezi: humsukuma au humburuta hadi upande wa pili wa ukuta, kisha anamlalia.

"Muda upo wa kuliokota na kulirudisha."

Imewahi kutokea, na ndiyo sababu watengenezaji waliuziba mwanya huo. Mwaka 1940, vita vya Ufaransa viliwaonyesha Waingereza kwamba sekunde 7 za bomu la Mills toleo namba 36 zilimpa adui nafasi ya kukimbia au kulirudisha. Zikapunguzwa hadi 4.

"Likiwa na rangi ya buluu au tundu, unaweza kulichukua."

Rangi hupakwa upya, hubanduka, hufunikwa na kutu, na si majeshi yote yanayotumia rangi zilezile. Ukilikuta shambani au kwenye sanduku la marehemu babu, liache palepale na uite polisi. Na usilipakie kwenye begi la safari: viwanja vya ndege vya Marekani vinakataza hata guruneti bandia, kwenye mzigo wa mkononi na ule wa kupakiwa, kwa sababu mashine ya ukaguzi haina njia ya kujua kuwa ni pambo.