Paa linavuja: upande mwenyewe au uite fundi?

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kahawa West alinipigia simu Aprili, masika yakiwa yamekolea. "Fundi, nimeziba kila msumari na bado maji yanaingia." Nilipofika nilikuta ngazi ingali imeegemea ukuta, na chini yake chupa tatu tupu za silikoni. Huko juu, kila kichwa cha msumari karibu na lile doa la sebuleni kilikuwa kimevikwa kilemba cheupe. Kazi safi kabisa, ila si mahali pake. Tundu lenyewe lilikuwa kama mita tatu juu zaidi, karibu na mgongo wa paa, pale fundi wa dishi alipong'oa chuma chake akaenda zake. Maji yaliingia hapo, yakanata upande wa chini wa ubao, yakateremka nao taratibu mpaka yakakutana na msumari wa kuyadondosha.

Na kwa kuwa alitembea bila kujua mbao ziko wapi, Mwalimu alibonyeza mabati mawili hadi maungio yakafunua mdomo. Mabati yake ni geji 30. Wengi hudhani namba kubwa ndiyo bati nene, kumbe ni kinyume: geji 28 ni nene kuliko 30. Alianza na mvujo mmoja, nikamkuta na miwili.

Kila mtu huniuliza lini apande mwenyewe na lini aite fundi, akidhani nitamtajia bei. Mimi hugawanya hivi: kuangalia ni kazi ya mwenye nyumba, kukanyaga paa ni kazi yangu. Najua ninajinyima vibarua kwa kusema hivyo, maana nyumba nyingi ninazoitwa zingemalizwa na mwenyewe akiwa amesimama kwenye ngazi tu.

Chukua tochi, ingia juu ya dari mchana wa jua, kisha uizime. Kanyaga mbao, usikanyage silingi. Matundu yatang'aa kama nyota. Ukiliona doa kwenye ubao, lifuate kuelekea juu, usiridhike na pale linapodondokea. Kama hakuna mwanga unaopenya, mwambie mtu amwagie paa maji kwa mpira akianzia chini, sehemu moja kwa dakika kadhaa, ndipo apande nyingine. Akianzia juu, maji yatapita kila mahali na hutajua yaliingilia wapi.

Kisha gata, ule mfereji wa maji ukingoni mwa paa. Hapa nitakaa kidogo. Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 80 za mraba likipata milimita 25 katika mvua moja ya jioni, ni lita 2,000, tangi mbili za lita elfu, zote zikitaka kupita kwenye mfereji usiozidi upana wa kiganja. Sasa weka humo maua ya mjakaranda. Hapa Nairobi miti hiyo huchanua kuanzia Septemba hadi Novemba, maua yakaanguka wakati vuli inapiga hodi, yakalowa na kuwa uji wa zambarau unaoziba bomba la kuteremshia maji. Maji yakikosa njia hurudi nyuma, yakaingia chini ya ukingo wa bati, yakaozesha ubao wa pembeni na kushuka ndani ya ukuta. Mwenye nyumba huona rangi inabanduka, akaita mpaka rangi.

Kusafisha gata za nyumba isiyo ya gorofa, fanya mwenyewe, Februari na tena Septemba, na tena maua yakianguka kama una mjakaranda. Ngazi ikipanda mita nne, mguu wake uwe mita moja kutoka ukutani, mtu aishike, na uwe mbali na pale waya wa stima unapoingilia nyumba. Mimi mwenyewe nilianguka Kasarani nikitumia ngazi ya kuazima ambayo kipandio chake kimoja kilikuwa kimeoza. Si juu ya paa, la, mita mbili tu. Kifundo cha mkono wa kushoto hunikumbusha kila baridi ya Julai.

Vigae, kama vile vya Buruburu, usivipande. Vina mahali pa kukanyagwa, sehemu ya chini ambapo kigae kimelalia mwenzake, na ukikosea kitapasuka ufa mwembamba usiouona mpaka mvua ijayo. Paa la slabu, yaani la zege lililo bapa, linataka mtu mwenye zana za kutandika lami. Kazi yako wewe ni kuhakikisha tundu la kutolea maji halijazibwa na mifuko. Paa la asbesto usilikwaruze, usilitoboe, usilisugue kwa brashi. Vumbi lake huua mapafu, na kuliondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Hata mimi siligusi.

Lakini kuita fundi si kuita yeyote. Wako wanaotandaza saruji pale bati linapokutana na ukuta, na saruji mbichi hula zinki. Wako wanaokata mabati kwa grainda papo hapo juu ya paa; cheche huunguza rangi na unga wa chuma hubaki ukishika kutu. Wako wanaogongelea msumari uleule kwenye tundu lililokwisha kupanuka, badala ya kuung'oa na kutia skrubu nene yenye mpira. Kwa hiyo muulize kwanza: "Maji yanaingilia wapi?" Anayekutajia bei ya kubadilisha paa zima akiwa bado amesimama getini, mpe chai aende. Anayepanda, mwambie apige picha kwa simu kabla na baada. Vifaa nunua mwenyewe kwenye hadiwea, usimtumie pesa yote kwa M-Pesa asubuhi.

Na ukinipigia wakati mvua inanyesha, sitapanda. Bati lililolowa linateleza kama samaki. Utasubiri. Zima stima ya chumba hicho. Ukiona silingi imefura kama tumbo, weka ndoo chini yake, simama kando, uitoboe kwa ncha ya bisibisi palipovimba zaidi. Tundu dogo tu, maji yashuke. Ukiyaacha yajikusanye, utaletewa dari yote mezani.