Kampuni ikidukuliwa, mwenye hisa analipwa kwa lipi? Dhana potofu na ukweli

Tarehe 7 Septemba 2017, Equifax ya Atlanta, moja ya kampuni tatu kubwa zinazotunza rekodi za mikopo ya Wamarekani, ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye mifumo yake. Hesabu ya mwisho ilifika watu milioni 147. Siku nane baadaye hisa yake ilikuwa imepoteza zaidi ya theluthi ya bei, na kesi zikawa zinamiminika. Mpaka leo watu wakizizungumzia huwachanganya wadai wa aina mbili: aliyeibiwa taarifa zake na aliyeona hisa yake ikiporomoka. Kila mmoja ana sheria yake.

"Kampuni ikidukuliwa, tayari ina hatia kwa wanahisa."

Hapana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 ya masoko ya hisa haimwadhibu mtu kwa kuwa na kompyuta mbovu. Inaadhibu uongo, au ukweli uliokatwa nusu, uliomfanya mwekezaji anunue hisa kwa bei isiyostahili. Mlalamikaji lazima aitaje kauli yenyewe, aonyeshe kwamba ilikuwa na uzito, kwamba aliyeitoa alijua ukweli au aliufumbia macho, na kwamba ukweli ulipofichuka ndipo bei ikaanguka. Kimoja kikikosekana, kesi inakufa.

Waulize wanahisa wa Heartland Payment Systems. Kampuni hiyo ilikuwa ikipitisha malipo ya kadi, na mwaka 2009 ilikiri kudukuliwa. Kadi zipatazo milioni 130 ziliguswa. Hisa ikaanguka vibaya, wanahisa wakaenda mahakamani New Jersey, na Desemba mwaka huohuo kesi ikatupwa. Hoja ya mahakama ilikuwa fupi: kuwa na matatizo ya usalama hakumaanishi kwamba kampuni ilidanganya iliposema inaujali usalama. Mtu anaweza kufunga mlango kwa kufuli nzuri na bado akaibiwa.

Kwa nini basi Equifax haikuponyoka? Machi 2017 ilitolewa tahadhari kuhusu tundu katika programu iitwayo Apache Struts. Equifax iliisambaza ndani kwa barua pepe, lakini orodha ya wapokeaji ilikuwa ya zamani, hivyo waliotakiwa kuziba tundu hawakuipata. Kifaa cha kukagua mawasiliano nacho kilikuwa kipofu kwa miezi mingi kwa sababu cheti chake cha kidijitali kilikwisha muda na hakuna aliyekihuisha. Julai 29 cheti kikabadilishwa, na papo hapo dalili za wizi zikaonekana. Wadukuzi walikuwemo ndani tangu Mei. Wanahisa wakaongeza dai lao: kuna tovuti ya kampuni iliyokuwa na jina la mtumiaji "admin" na neno la siri "admin".

Huo ni uzembe, na uzembe peke yake usingetosha. Kilichoigeuza habari hii kuwa kesi ya hisa ni kwamba kampuni hiyohiyo ilikuwa ikijinadi kuwa mtunzaji mwaminifu wa taarifa mwenye ulinzi imara. Januari 2019 jaji aliruhusu madai ya kauli za usalama yaendelee dhidi ya kampuni na aliyekuwa mkurugenzi mkuu wake, Richard Smith, huku akiwaachia viongozi wengine walioshtakiwa. Mwaka uliofuata kesi ikamalizwa kwa dola milioni 149.

Kuna jambo halisemwi sana hapa. Fedha za namna hii hutoka kwa bima na kwa kampuni yenyewe, na kampuni ni mali ya wanahisa. Aliyebaki na hisa zake anachangia kumlipa aliyekwisha kuuza. Binafsi naona ni haki yenye kasoro kubwa.

"Kunyamaza si uongo."

Inategemea umenyamaza ukiwa umesema nini. Yahoo ilijua mwishoni mwa 2014 kwamba imeibiwa taarifa za akaunti zaidi ya milioni 500. Ripoti zake kwa wawekezaji ziliendelea kusema tu kwamba iko *hatarini* kudukuliwa, kana kwamba jambo halijatokea. Ilitangaza Septemba 2016, wakati kampuni ya simu ya Verizon iko mbioni kuinunua, na bei ya mauzo ikapunguzwa dola milioni 350. Aprili 2018 SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani, iliitoza dola milioni 35. Ilikuwa mara ya kwanza tume hiyo kuiadhibu kampuni kwa kuficha udukuzi.

"Kila ambaye taarifa zake ziliibwa Equifax alipata dola 125."

Hiki ni kiwango kilichosambaa mno mtandaoni mwaka 2019, baada ya kampuni kukubali kulipa hadi dola milioni 700 kwa serikali na wateja. Fungu la malipo hayo ya fedha taslimu lilikuwa dola milioni 31 tu. Gawa kwa 125, unapata watu 248,000, na walioathirika ni milioni 147. Maombi yalipofurika, serikali yenyewe ikawaambia watu wachague huduma ya kufuatilia rekodi za mikopo badala ya fedha.

"Kampuni ina siku nne za kutangaza tangu idukuliwe."

Kanuni ya SEC ya Julai 2023 inataja siku nne za kazi, ila saa inaanza pale kampuni inapoamua kwamba tukio lina uzito kwa wawekezaji, na uamuzi huo usicheleweshwe bila sababu. Tusiichanganye na saa 72 za sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi: hizo huhesabiwa tangu kampuni ijue, na anayearifiwa ni kamishna wa taarifa, si soko la hisa.

"Bosi haguswi."

Jun Ying, mkuu wa TEHAMA wa kitengo kimoja cha Equifax, alikisia kilichotokea kabla ya tangazo. Akatafuta mtandaoni jinsi udukuzi ulivyoathiri bei ya hisa ya Experian, kampuni nyingine kubwa ya rekodi za mikopo, kisha akauza zake zote. Alifungwa miezi minne. Joe Sullivan, aliyekuwa mkuu wa usalama wa Uber, alitiwa hatiani 2022 kwa kuuficha udukuzi wa 2016 wakati serikali inaichunguza kampuni. Alipewa kifungo cha nje.

Kuna upande wa pili pia. Oktoba 2023 SEC iliishtaki SolarWinds, kampuni ya programu za kompyuta, pamoja na mkuu wake wa usalama, Timothy Brown. Julai 2024 jaji alitupa sehemu kubwa ya mashtaka, akabakiza hasa yaliyohusu maelezo ya usalama yaliyowekwa kwenye tovuti ya kampuni. Novemba 2025 SEC yenyewe ikayaondoa na hayo.